Hesabu Mbili za Mtafiti: Jinsi Maisha ya Kisayansi Yanavyojengwa Ukiwa Dodoma

Kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye bonde la Makutupora, kuna visima vinavyolinywesha jiji hili. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa sekta ya maji wamekuwa wakipima kina cha maji ndani ya visima hivyo, wanaandika namba, wanaondoka. Mwaka 2013 namba hizo zilitokea kwenye jarida la Nature Climate Change, katika makala iliyoongozwa na Richard Taylor wa University College London akiwa na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Kitanzania. Rekodi ilikuwa ya miaka 55, nayo ilionyesha jambo ambalo vipimo vya msimu mmoja au miwili visingelionyesha kamwe. Maji ya chini ya ardhi ya Makutupora hayaongezeki kila msimu wa mvua. Hushuka taratibu mwaka hadi mwaka, kisha hujazwa kwa mkupuo na mvua chache kubwa mno, kama zile za El Niño ya 1997/98.

Nimeanza na visima hivi kwa sababu ndani yake umo mkanganyiko wote unaowapata vijana wanaotaka kuishi kwa utafiti. Kupima kisima hakumpandishi mtu cheo chuo kikuu. Mtu anaweza kupima miaka thelathini na faili lake la utumishi lisione tofauti. Lakini kwa sayansi, rekodi ndefu kiasi hicho ni kitu adimu barani Afrika, na bila hiyo hakuna profesa yeyote wa London ambaye angekuwa na la kusema kuhusu maji ya Dodoma.

Kwa hiyo mtafiti anatunza hesabu mbili kwa wakati mmoja, kama mwenye duka mwenye daftari mbili chini ya meza. Daftari moja ni la mwajiri: shahada, cheo, idadi ya makala, miaka ya utumishi. La pili ni la sayansi: unajibu swali gani, kwa data ipi, na mtu asiyekujua aliyeko upande wa pili wa dunia ana sababu gani ya kukuamini. Wengi huelezwa la kwanza tu. Wachache, hasa waliosoma nje wakarudi na moto wao, hujali la pili peke yake, na baada ya miaka kumi unawakuta kwenye cheo kilekile walichoajiriwa nacho, wamenuna. Madaftari haya yanahitaji kusomwa yote mawili, maana kuna mahali yanakubaliana na kuna mahali yanapingana waziwazi.

Ngazi, na kizingiti chake

Katika vyuo vikuu vya umma nchini, ngazi ya wanataaluma ina vidato sita. Chini kabisa yuko Mkufunzi Msaidizi mwenye shahada ya kwanza. Akipata uzamili anakuwa Mhadhiri Msaidizi. Uzamivu, yaani PhD, humfanya Mhadhiri. Hapo shahada zimekwisha, na vidato vitatu vilivyobaki, yaani Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa, hupandwa kwa kazi iliyochapishwa, ufundishaji, na wanafunzi uliowasimamia hadi wakamaliza.

Wazazi wengi, na hata wanafunzi wa mwaka wa tatu, hudhani uprofesa husomewa. La. Uzamivu ni shahada. Ukishaipata ni yako hata ukiacha chuo ukafungua duka la nafaka soko la Majengo. Uprofesa ni cheo cha kazi, chuo hukitoa baada ya kuwatumia maandishi yako wataalamu wa nje wayapime. Mtu mwenye uzamivu kwa miaka ishirini anaweza asiwe profesa, na si lazima awe mzembe. Huenda alikuwa anafundisha madarasa ya mamia ya wanafunzi, akasahihisha mitihani yao yote, akasimamia mafunzo kwa vitendo wilayani, na mwisho wa muhula hakubakiwa na saa hata moja ya kuandika.

Mlango wa kuingilia una kizingiti kigumu. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi ya vyuo vya umma yamedai GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na 4.0 kwenye uzamili kwa anayeomba Uhadhiri Msaidizi. Daraja la pili la juu huanzia 3.5. Maana yake mtu anaweza kuhitimu vizuri, akavishwa maua na ndugu waliokuja na Noah nzima kutoka Manyoni, na bado akawa nje ya mlango huu. Jambo linaloumiza ni kwamba hatima hiyo huamuliwa mapema, mwaka wa kwanza, wakati kijana aliyepanga chumba Ng'ong'ona bado anajifunza kupika na kuishi mbali na kwao. Masomo mawili yaliyopuuzwa muhula wa kwanza hufuata mtu hadi mwisho, kwa sababu GPA hukumbuka kila kitu. Nionavyo mimi, kigezo hiki hupima vizuri uwezo wa kufanya mitihani na hupima vibaya udadisi. Lakini ndicho kilichopo, na anayetaka chuo asiambiwe habari hizi siku ya kuvaa joho.

Chuo si mlango pekee. Hili husemwa mara chache mno, ajabu kwa mkoa wenye vituo vya utafiti pande zote. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ina kituo Hombolo kinachoshughulika na mazao ya nchi kavu kama mtama na uwele, na kingine Makutupora kinachojulikana kwa zabibu. Mpwapwa kuna TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Upande wa afya ya binadamu kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Watafiti wa taasisi hizi wana ngazi zao na hawafundishi madarasa. Siku yao ni shamba, zizi au maabara. Vigezo vyao vya ajira havifanani na vya vyuo, basi soma tangazo lenyewe linapotoka Sekretarieti ya Ajira, usisikilize yanayosemwa vijiweni. Ubaya wake ni kwamba vipaumbele hupangwa na serikali: wizara ikiamua mwaka huu ni alizeti, mtafiti wa uwele atapungukiwa mafuta ya gari.

Makala hupatikanaje, na jina la nani hutangulia

Sarafu ya kazi hii ni makala iliyochapishwa kwenye jarida. Utaratibu ni wa zamani. Jarida la Philosophical Transactions la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665. Siku hizi unapeleka andiko lako, mhariri akiona linafaa anawatumia wahakiki wawili au watatu wa fani yako, nao hulisoma bila malipo na kurudisha maoni. Majibu ni ya namna nne: limekubaliwa, rekebisha kidogo, rekebisha sana, limekataliwa. La kwanza ni nadra kama mvua ya Agosti hapa kwetu. La nne ni la kawaida mno hata kwa watafiti wakubwa. Majarida yenye sifa kuu hukataa zaidi ya tisa katika kila maandiko kumi yanayopokewa. Kati ya kupeleka na kuchapishwa unaweza kupita mwaka mzima. Mtu aliyebakiza mwaka mmoja kabla ya kuomba cheo, na hajapeleka chochote, ameshachelewa.

Makala ya sayansi ina waandishi wengi, na mpangilio wa majina una maana yake. Katika biolojia, tiba na kilimo, jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu; la mwisho ni la mkuu wa maabara au msimamizi. Waliopo katikati walichangia kwa viwango mbalimbali. Katika hisabati majina hupangwa kwa alfabeti, na hapo jina la mwisho halina ukubwa wowote. Kamati za kupandisha vyeo hujali mambo haya, kwa kuwa makala yenye waandishi kumi haimpi kila mmoja alama sawa na makala aliyoiandika peke yake.

Nani anastahili kuwa mwandishi? Kundi la wahariri wa majarida ya tiba lililoanza kukutana Vancouver mwaka 1978 limeweka masharti yanayofuatwa sana: awe amechangia kwa dhati kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Yote manne kwa pamoja. Kuwa mkuu wa idara hakumo. Kuleta fedha peke yake hakumo. Hapa nyumbani, tusidanganyane, kuna majina mengi yaliyoingia kwa heshima. Mwanafunzi huona vigumu kumwambia mzee "Prof., wewe hujasoma hata rasimu." Dawa yake ni kuzungumza mapema, kabla data haijakusanywa, na kuandika makubaliano kwenye barua pepe kwa adabu zote: "Prof., shikamoo. Naomba tukubaliane nani ataandika sehemu gani."

Kuna mfano wetu wa kihistoria wa jambo hili kufanywa sawasawa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi maabara kulijaribu. Makala ilitoka mwaka 1969 kwenye jarida la Physics Education, na jina la Mpemba ndilo la kwanza. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa sababu gani. Mimi hunivutia zaidi mambo mengine mawili. Osborne angeweza kuandika peke yake akamshukuru kijana kwa mstari mmoja mwishoni, na hakuna ambaye angelalamika. Na Mpemba, ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya fizikia duniani, hakuwa mwanafizikia. Kazi yake ilikuwa wanyamapori. Daftari la sayansi lilimjaza sifa, la ajira likampeleka kwingine.

Mitego ya uchapishaji nayo inahitaji maneno. Yeyote mwenye anwani ya chuo hupokea barua pepe zinazomwita "mtafiti mashuhuri" na kumwalika achapishe ndani ya wiki moja, kwa ada. Haya ni majarida ya kitapeli: hayahakiki chochote, hula hela na kuweka faili mtandaoni. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, Marekani, aliyatengenezea orodha iliyotumika sana hadi alipoiondoa mtandaoni Januari 2017. Sasa kila mmoja anajilinda mwenyewe. Angalia kama watu unaowaheshimu katika fani yako wamechapisha humo, kama bodi ya uhariri ina watu halisi, kama mhariri anakuuliza swali lolote la maana. Makala ya kitapeli huenda ikapita kwenye kamati iliyolala. Haipiti kwa mtathmini wa nje ukiomba Uprofesa Mshiriki, na wakati huo huwezi tena kuifuta.

Majarida halali nayo hutoza, hasa yale ambayo msomaji husoma bure. Ada inaweza kuzidi mshahara wa mwezi mzima wa mhadhiri. Wachapishaji wengi huwasamehe au huwapunguzia waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Ila kuna kinaya: Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia, na baadhi ya wachapishaji hutumia orodha hiyohiyo kuamua nani asamehewe yote na nani apewe punguzo tu. Uliza kabla ya kupeleka andiko. Ukishakubaliwa ndipo uanze kuomba, umechelewa. Majarida ya nyumbani, kama Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Tanzania Journal of Health Research la NIMR, hayana aibu yoyote, na kwa swali linalohusu hapa mara nyingi ndiko wasomaji wako waliko.

Kuhusu vipimo vya umaarufu nitapita haraka. Kinachotajwa sana ni h, kilichobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imetajwa na wengine mara 10 au zaidi. Kinampendelea mzee kuliko kijana, na fani yenye watu wengi kuliko yenye wachache. Mtafiti wa funza wa mtama hawezi kushindana kwa h na wa saratani, na asijaribu.

Karatasi kabla ya kijiji

Vitabu vya mbinu za utafiti husema "kusanya data" kana kwamba ni kwenda kisimani na ndoo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga, anayetaka kuhoji wafugaji wa Chamwino au Bahi ana safari ya karatasi kwanza. Pendekezo lake likishapitishwa na idara na ndaki, chuo humpa barua ya kibali. Makamu wakuu wa vyuo wamepewa mamlaka ya kuwatolea vibali watumishi na wanafunzi wao. Barua huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye humwandikia wilaya, wilaya humwandikia mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri humwandikia mtendaji wa kata, na mtendaji wa kijiji ndiye atakayemwambia mwenyekiti kwamba mgeni amekuja. Utafiti wa afya unahitaji pia kupita kwenye kamati ya maadili. Mtafiti kutoka nje ya nchi huomba kibali COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Sampuli za damu au mimea zikitakiwa kwenda maabara ya Ulaya, kuna mkataba mwingine wa kuzihamisha.

Ni rahisi kuuita huu urasimu tu. Sehemu yake ni urasimu, ndiyo. Nimeona barua ikizunguka ghorofa moja hadi nyingine ndani ya jengo lilelile. Lakini maadili yana sababu. Mtu anapotolewa damu au kuulizwa ana ng'ombe wangapi, swali ambalo Mgogo mwenye busara halijibu mbele ya mgeni, ana haki ya kujua data inakwenda wapi na ya kukataa bila kudhurika. Fomu ya ridhaa ikiandikwa kwa Kiswahili cha ofisini, bibi wa Mvumi atatia dole gumba bila kuelewa, na ridhaa hiyo haina thamani. Mtafiti anayejua kuamkia "mbukwenyi", akaketi, akaeleza kwa maneno ya kawaida, hupata ridhaa halisi na, cha ziada, majibu ya kweli.

Kuna na deni la mrejesho. Vijiji vya Dodoma vimehojiwa kupita kiasi na vyuo, mashirika na miradi, na mara nyingi hakuna anayerudi kusema aligundua nini. Makala imechapishwa kwa Kiingereza, mwanakijiji hata haijui. Ukurasa mmoja wa Kiswahili na alasiri moja ya mkutano wa kijiji haviongezi alama yoyote kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Vinaongeza uwezekano wa kupokelewa ukirudi mwaka ujao, na wewe au mwanafunzi wako mtarudi.

Hela

Nchi za Umoja wa Afrika ziliweka lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania, kama nyingi ya nchi hizo, haijafika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha za utafiti hutoka nje: Sweden imeshirikiana na Tanzania katika utafiti tangu miaka ya 1970, Ujerumani kupitia DAAD, shirika lake la ufadhili wa masomo, Uingereza kupitia ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na wengine. Ndani kuna COSTECH, na kuna mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET, wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, ambao pamoja na majengo umekuwa ukisomesha wahadhiri uzamili na uzamivu. Kwa kijana aliyeajiriwa karibuni, hii ni nafasi ya kuulizia ofisini bila kuona haya.

Fedha ya nje huja na swali lake. Mfadhili akitaka utafiti wa malaria, na wewe unajua kinachowatesa watu wa Kondoa ni mmomonyoko wa ardhi, utafanya nini? Wengi huandika malaria. Sitawalaumu, wana watoto na wana cheo cha kuomba. Lakini baada ya miradi minne ya wafadhili wanne tofauti, mtu ana makala ishirini zisizojuana. Daftari la mwajiri linapendeza; ukimwuliza yeye ni mtaalamu wa nini, anasita.

Jambo jingine ambalo hakuna anayemfundisha mwanafunzi wa uzamivu: hela ikishapatikana, kuitumia ni kazi nyingine. Ruzuku huingia akaunti ya chuo. Safari ya kijijini huombewa masurufu, nayo hurejeshwa kwa risiti ndani ya muda uliowekwa, la sivyo huombi tena. Vitendanishi vya maabara hununuliwa kwa mfumo wa ununuzi wa serikali, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na mzabuni aliyeshinda naye huagiza kutoka nje. Kipimo ambacho mwenzako wa Ulaya hukipata kesho yake, wewe unakipata baada ya miezi. Mtafiti wa hapa hupanga kazi yake akijua hivyo: anaagiza vya mwaka mzima kwa pamoja, anachagua njia isiyotegemea kitendanishi kinachooza haraka, na anakuwa rafiki wa kweli wa afisa ugavi na mhasibu. Hilo la mwisho si mzaha.

Swali linalodumu kuliko cheo

Kwa kawaida mtu hukaa miaka mitatu kwenye cheo kabla ya kuomba kinachofuata. Maswali makubwa ya nchi hii kavu hayaendi kwa mwendo huo. Tazama ng'ombe aina ya Mpwapwa, waliopatikana kwa kuchanganya damu ya Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi na ya zebu wa kienyeji, Boran na kiasi kidogo ya ng'ombe wa Ulaya, ili apatikane mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili ukame. Kazi hiyo ilichukua miongo. Ng'ombe hazai kwa kufuata kalenda ya kamati ya ajira. Waliouanza mradi hawakuwa ndio waliouona ukikamilika.

Au tazama Kongwa. Wilaya hiyo inakumbukwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 ukaanguka, lakini duniani kote madaktari wa macho wanaijua kwa sababu nyingine. Tangu miaka ya 1980 kumefanyika huko tafiti mfululizo za trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria na kuwapofusha watu polepole kwa kope kugeukia ndani. Utafiti mmoja uliochapishwa kwenye The Lancet mwaka 1995 ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho tu na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Vijiji vya kunawa vilionyesha trakoma kali kupungua zaidi. Sasa kunawa uso ni sehemu ya mkakati unaotumika nchi nyingi. Kilichofanya Kongwa kuwa na sauti hiyo ni kurudi: watu walewale, vijiji vilevile, swali moja linalozaa lingine. Kwamba uongozi wa tafiti hizo ulikuwa kwa kiasi kikubwa wa chuo cha Marekani ni jambo la kutuuma kidogo, maana watoto wale wanasoma shule zetu na vumbi lile ni letu.

Je, mhadhiri wa kawaida anaweza kuyapatanisha madaftari haya mawili? Ninaowaona wakifaulu hufanya hivi: huchagua swali moja linaloweza kudumu miaka ishirini, tuseme chumvi kwenye visima vya Bahi, au kwa nini miche ya mizabibu hufa Mvumi na kupona Hombolo, kisha hulikata vipande vya ukubwa wa makala moja moja. Kila kipande kinaingia daftari la mwajiri. Vikiunganishwa vinaingia la pili. Mwanafunzi wa uzamili hupewa kipande, anakuwa mwandishi wa kwanza, anahitimu kwa wakati, na data inabaki mahali pamoja badala ya kufa kwenye kompyuta yake mpakato. Dodoma ina faida ambayo Dar es Salaam imeipoteza: tangu serikali ihamie kwa dhati kuanzia 2016, wizara ziko Mtumba, mwendo wa daladala kutoka chuoni. Mtafiti wa maji anaweza kwenda asubuhi kumwomba mhusika data ya miaka arobaini na akarudi kufundisha saa nane mchana. Anaweza pia kukuta data hiyo imo kwenye madaftari ya karatasi yanayoliwa na mchwa, na kuyachapa kwenye kompyuta ikawa makala yake ya kwanza.

Kwa wanawake kuna ugumu wa ziada usiohitaji maelezo marefu: miaka ya uzamivu ndiyo miaka ya kuzaa. Likizo ya uzazi ipo kisheria, lakini kazi ya kukusanya data ya msimu wa mvua ikikupita, imekupita kwa mwaka mzima. Wafadhili kadhaa huongeza ukomo wa umri kwa waombaji waliojifungua. Wengi hawaulizi, kwa hiyo hawaupati.

Msimamizi ndiye uamuzi mzito kuliko yote, na wengi huuchukua kwa kusoma cheo kilichobandikwa mlangoni. Uzamivu uliopangwa kuwa wa miaka mitatu unaweza kwenda saba kwa sababu rasimu imekaa mezani kwa mtu mwenye vikao vya bodi tano. Kabla ya kusaini, watafute watu wawili aliowahi kuwasimamia, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyeacha. Waulize: ulimaliza kwa miaka mingapi, rasimu ilirudi baada ya muda gani, jina lako lilikaa wapi kwenye makala. Halafu mwulize mwenyewe, kwa heshima zote, amesoma nini kuhusu swali lako mwaka huu. Akizunguka, mtafute mwingine, hata kama huyu wa kwanza ni Profesa na huyo wa pili ni Mhadhiri aliyerudi masomoni mwaka jana na bado hana ofisi yake.